Medusa Alipopewa Wingi: Mazimwi wa Ngano Kwenye Meza ya Mchezo

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiendesha michezo ya kuigiza wahusika, ile ambayo watu wanne au watano huketi kuzunguka meza, kila mmoja akawa na mhusika wake, nami msimamizi nikawasimulia wanachokiona na kuwachezea maadui wote wanaokutana nao njiani. Jioni moja niliwaambia wachezaji wangu kwamba mwishoni mwa pango amesimama gorgoni. Dada mmoja, mwalimu wa fasihi, akafumba macho papo hapo na kutangaza kwamba mhusika wake naye amefumba, kwa kuwa habari za Medusa, yule mwanamke wa ngano za Kigiriki mwenye nyoka kichwani ambaye humgeuza jiwe kila amtazamaye, anazijua vizuri. Ilinibidi nimweleze kwamba aliyekuwa mbele yake ni fahali mwenye magamba ya chuma, na kwamba kama kuna cha kuziba basi ni pua. Alinikasirikia, na haki alikuwa nayo.

Mchezo wenyewe ulikuwa Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, ambao ndio mzazi wa karibu michezo yote ya aina hii. Kitabu chake cha mazimwi, Monster Manual cha mwaka 1977, kinawaorodhesha medusa na gorgoni kama viumbe wawili wasiohusiana. Kwa Hesiod, mshairi wa Kigiriki, Magorgoni ni ndugu watatu wa kike: Stheno na Euryale wasiokufa, na Medusa, ambaye peke yake aliandikiwa kufa. Fahali hayumo. Anapatikana kwa Edward Topsell, kasisi wa Kiingereza aliyechapisha London mwaka 1607 kitabu kinene cha wanyama wa miguu minne. Topsell, akiwafuata waandishi wa kale, anamweleza gorgoni kuwa mnyama wa Afrika mwenye magamba, mwenye manyoya yanayomfunika macho, ambaye hula majani ya sumu na kutoa pumzi ya kuua. Maelezo hayo ni jamaa ya yale ya katoblepasi, mnyama wa upande wa Uhabeshi ambaye Wagiriki na Warumi walisema huinamisha kichwa daima, na wako wanazuoni waliopendekeza kwamba msingi wake ni nyumbu. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba yule fahali wa chuma aliyemgeuza jiwe kwa pumzi yake mhusika wa mwalimu wetu ni nyumbu wa kawaida, yule tunayemwona Serengeti akikimbia bila habari na mtu, aliyezunguka Ugiriki, Uingereza na Marekani kabla ya kurudi mezani kwetu.

Kosa la jina, hata hivyo, ni dogo. Kilichompata Medusa mwenyewe ni kikubwa zaidi, na mtu wa Kiswahili anaweza kukieleza kwa sarufi. Katika ngano, Medusa ni nomino ya pekee: ana wazazi, ana dada, ana aliyemuua, na alipokatwa shingo wakatoka humo Pegasus, farasi mwenye mabawa, na Chrysaor. Mchezo umemgeuza nomino ya kawaida na kumpa wingi. Sasa tunasema medusa mmoja, medusa wawili, na toleo la kitabu hicho la mwaka 2014 linampa kinga ya 15, yaani kipimo cha ugumu wa kumpiga, na alama za uhai 127, yaani madhara anayoweza kuyahimili, kama vile fundi anavyoandika vipimo vya mlango. Sababu yake ni ya kibiashara na ya kiufundi kwa pamoja. Medusa wa ngano alikufa mara moja tu, kwa mkono wa shujaa Perseus, na yeyote anayetaka kupigana naye leo amechelewa. Ilhali kitabu kinachouzwa kwa maelfu ya meza kinapaswa kumpatia kila meza medusa wake. Isitoshe, mchezaji huuliza maswali ambayo msikilizaji wa ngano hawezi kuyauliza. Yuko umbali gani? Nikikosa kwa mshale, atanifikia kabla sijachomoa upanga? Bibi anayesimulia angemnyamazisha mtoto mwenye maswali hayo, lakini msimamizi wa mchezo hana ruhusa hiyo.

Jambo ninalolichunguza kila ninapomsoma kiumbe kwenye kitabu ni kama kanuni zake bado zimebeba kisa chake. Kwa Medusa zimebeba nusu. Perseus aliitazama taswira yake kwenye ngao ili asimwangalie usoni, maana yake ngao ilikuwa kinga ya macho. Kanuni za mwaka 2014 zinasema kwamba medusa akijiona kwenye kitu kinachong'aa, mahali penye mwanga mkali, nguvu ya macho yake humrudia yeye. Kioo kilichokuwa njia ya kumwona bila madhara kimekuwa silaha ya kumpigia. Mimi siichukii kanuni hii, kwa sababu inamtuza mchezaji aliyekumbuka hadithi, ingawa aliikumbuka kombo.

Hydra ndiye mfano ninaoupenda kuliko yote. Katika ngano za Kigiriki, shujaa Heracles anatumwa na mfalme Eurystheus kumuua joka wa maji wa Lerna, na kila anapoponda kichwa kimoja vinachipuka viwili. Anamwita Iolaus, mtoto wa ndugu yake, ambaye anachoma kwa moto kila shingo inayobaki ili isichipue tena, na kichwa cha mwisho kisichokufa kinazikwa chini ya jabali. Sasa tazama jedwali la mchezo katika toleo hilo la 2014. Hydra anaanza na vichwa vitano, na hung'ata mara nyingi kadiri ya vichwa alivyo navyo. Akipata madhara ya alama 25 au zaidi katika zamu moja, kichwa kimoja kinakufa. Zamu yake inapomalizika, badala ya kila kichwa kilichokufa vinaota viwili, na kila kinachoota kinamrudishia alama 10 za uhai, isipokuwa kama ameguswa na moto tangu zamu yake iliyopita. Nimeliona jedwali hili likifanya kazi. Shujaa mwenye upanga mkubwa anakata kwa furaha, anahesabu vichwa, anakuta vimeongezeka, anakata tena kwa hasira, na kufikia raundi ya tatu meza nzima inamgeukia yule mchezaji mnyonge mwenye mwenge, ambaye tangu mwanzo hakuna aliyemjali. Kwenye masimulizi ya kale Eurystheus alikataa kuihesabu kazi hiyo miongoni mwa kazi kumi alizompangia Heracles, akidai kwamba alisaidiwa. Mezani, kusaidiwa ndiyo kazi yenyewe. Kwa maoni yangu waliotunga kanuni hiyo walimwelewa Iolaus kuliko Eurystheus alivyomwelewa.

Tiamat na Bahamut hawakupata bahati hiyo. Mchezo umewafanya malkia wa majoka waovu, mwenye vichwa vitano vya rangi tano, na mfalme wa majoka wema, na kuwafanya mahasimu wa milele. Tiamat wa Babeli, katika utenzi wa uumbaji uitwao Enuma Elish, ni bahari ya maji ya chumvi, mama wa miungu. Vichwa vitano havimo, na hasimu wake ni Marduk, ambaye anampasua vipande viwili na kuitumia nusu moja kuwa mbingu. Utenzi unasema alimpasua kama samaki wa kukaushwa, na msomaji wa pwani hahitaji tanbihi hapo, kwani ng'onda anamjua. Bahamut ndiye samaki hasa: waandishi wa Kiarabu wa zama za kati walimtaja kuwa samaki mkubwa aliyembeba fahali, na juu ya fahali huyo ikakaa dunia. Nilipomsoma kwa mara ya kwanza nilimkumbuka bibi yangu, aliyetuambia kwamba tetemeko hutokea ng'ombe anapochoka na kuihamisha dunia kutoka pembe moja hadi nyingine. Kwenye mchezo Bahamut amepewa magamba ya platinamu.

Kwa majini ninakuwa mwangalifu zaidi. Mchezo umewagawa kwa elementi nne za falsafa ya Kigiriki: jini wa kawaida ni wa hewa, ifriti wa moto, maridi wa maji, na wa nne, aitwaye dao, wa ardhi. Mpangilio huo unapendeza kwenye ramani lakini haupatani na asili yao. Qurani inasema majini wameumbwa kwa ulimi wa moto, wote kwa jumla. Ifriti anatajwa katika Surat An-Naml akijitolea kumletea Nabii Sulaiman kiti cha enzi cha malkia wa Saba kabla hajainuka mahali pake, na maridi katika Surat As-Saffat ni sifa tu ya shetani aliyeasi. Kivumishi kimegeuzwa kuwa kabila la viumbe. Zaidi ya hayo, hydra hana mwumini aliyebaki, ilhali majini wana wagonjwa, waganga na vyano vyao vya sadaka leo hii, kutoka Lamu hadi Pemba. Mchezaji wangu mmoja alinivuta pembeni akaniomba nisimtaje ifriti kwa jina baada ya magharibi. Nilikubali, na tangu siku hiyo kwenye meza yetu anaitwa Bwana Moto, na alama zake 200 za uhai hazikupungua hata moja.

Mwaka jana nilijaribu mwenyewe kumtia kwenye mchezo nunda, paka aliyegeuka zimwi mla watu. Kisa chake kimo katika mkusanyiko wa ngano za Kiswahili ambao mmisionari wa Kiingereza Edward Steere aliuchapisha mwaka 1870. Paka wa Sultani Majnuni anakula ndama, watu wanamshitaki, naye Sultani anajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake. Paka anaendelea kupanda ngazi ya wanyama hadi watu, na Sultani anaendelea kumtetea mpaka wanauawa wanawe mwenyewe. Jaribio langu la kwanza lilikuwa jedwali la kawaida, lenye kucha, meno na mruko wa ghafla, na lilipomalizika nilikuwa na simba mwenye jina geni. Jaribio la pili lilianza na paka mwenye alama moja ya uhai, ambazo huongezeka maradufu kila mwenye mamlaka mjini anapompatia udhuru. Niliongeza pia kanuni ya kijana mdogo wa Sultani, ambaye katika ngano anaua mbwa, ngawa, hata twiga na tembo, na kila mara anamburutia mama yake mzoga na kuambiwa kwamba huyo siye: wachezaji hawajui kama waliyemuua ni nunda mpaka wamrudishe mjini.

Tulilicheza kwa saa tatu, na dadu zilirushwa mara chache sana, kwa kuwa muda mwingi walikuwa wanabishana na Sultani, ambaye ni mimi. Mwalimu wetu wa fasihi alirudi na ngawa begani, akiwa ameshajitungia wimbo wa ushindi. Udhuru ulikuwa umefika wa saba. Kwenye kadi ya nunda, penye nafasi ya alama za uhai, huwa naandika kwa penseli, na karatasi hapo imeanza kutoboka kwa kufutwa.