Dogo kunywa maji mazoezini haimdhuru

Ile meseji imerudi tena kwenye magrupu ya wazazi hapa Kigoma, eti dogo akinywa maji katikati ya mazoezi bandama inavimba, ndo maana kwenye kambi za likizo unakuta watoto wanakimbia na jua la Ujiji midomo imekauka, chupa ziko kwenye begi. Sio kweli, msiisambaze jamani. Jasho linatoa maji na chumvi, asipoyarudisha anapata kizunguzungu. Mpime kwenye mzani kabla na baada, uzito uliopungua karibu wote ni maji, au aangalie mkojo, ukiwa njano iliyokolea bado anadai maji. Kinachowachanganya watu nadhani ni kile kichomi cha ubavuni, kinaweza kuja ukibugia chupa nzima kwa mkupuo, sasa we mpe mafunda machache machache.