Waya wa uzio haukazwi kwa trekta: dhana potofu kuhusu vifaa vya kukazia

Madukani kifaa cha kukazia waya huuzwa kwa sifa moja tu: nguvu. Huyu anakwambia chake kinavuta tani moja, wa pili ana cha tani mbili, na mkulima anabeba cha tani mbili akiamini amepata kilicho bora. Waya wenyewe hauhitaji hata robo ya tani.

Tuanze na namba, kwa sababu nyingi ya dhana zilizo hapa chini zinaangushwa nazo. Waya mgumu wa milimita 2.5, ule ambao lebo yake ina herufi HT, hukatika ukivutwa kwa kilo 500 hadi 600 hivi. Shambani hukazwa kwa kilo 100 hadi 150. Waya laini wa milimita 4 hukatika karibu na mzigo huohuo, ingawa uzito wake ni zaidi ya mara mbili. Zinapotofautiana ni kwenye kunyumbuka: mita 100 za waya mgumu wa 2.5 zikivutwa kwa kilo 100 hurefuka sentimita 10, ilhali zile za waya laini wa 4 hurefuka sentimita 4 tu.

“Waya ukazwe mpaka ulie ukiugonga”

Waya unaolia saa saba mchana huenda usilie asubuhi, kwa kuwa umekatika usiku. Chuma husinyaa kikipoa. Waya uliofungwa nguzo hadi nguzo hauna pa kusinyalia, kwa hiyo mvuto ndio unaopanda. Joto likishuka kwa nyuzi 20 za Selsiasi, waya mgumu wa milimita 2.5 huongezewa kama kilo 24. Waya laini wa milimita 4 huongezewa zaidi ya kilo 60. Tofauti ya joto ya kiasi hicho kati ya waya uliopigwa jua na usiku wa Julai si ajabu Njombe au Nyandarua. Aliyekaza mchana hadi ukingoni ameacha nafasi ndogo sana.

Seng'enge nyembamba ndiyo inayoumia zaidi. Ile ya geji 16 (geji ni namba ya unene wa waya) ina nyuzi mbili za milimita 1.6, jumla milimita 4 za mraba za chuma. Chuma laini hukatika kati ya kilo 35 na 55 kwa kila milimita ya mraba, yaani seng'enge hiyo nzima hukatika mahali fulani kati ya kilo 140 na 220. Kanuni ya kufanyia kazi ni kuishia kwenye theluthi: kilo 50 hadi 70. Fundi aliyezoea waya mgumu akiipa seng'enge laini kilo 150 zilezile, huenda akaikata papo hapo, au akaivuta kupita kiwango cha kurudi. Waya uliovuka kiwango hicho hubaki umerefuka, hulegea, kisha fundi huulizwa kwa nini hakukaza.

Waya wa uzio wa umeme usizidi kilo 100. Kazi yake si kuzuia kwa kifua. Tawi likiuangukia unapaswa kulala na kuinuka tena.

“Pikapu au trekta inafanya kazi hiyo kwa dakika moja”

Rudi kwenye zile sentimita 10. Waya mgumu wa mita 100 ukiwa tayari umekazwa, tairi likisogea sentimita 20 zaidi umeuongezea kilo 200. Ukiwa wa mita 50, sentimita 20 zilezile zinaongeza kilo 400. Hakuna dereva anayesimamisha pikapu kwa usahihi huo kwenye udongo wa shamba, wala hakuna anayehisi kilo 400 kupitia usukani. Waya ukikatika hurudi nyuma kwa kasi na kujikunja hewani, na aliyesimama sambamba nao ndiye anayepigwa.

Tirfor ndogo ya kilo 800, yaani winchi ya mkono inayovuta kwa kamba ya chuma, ina kasoro hiyohiyo kwa upole zaidi. Ni kifaa kizuri kwa kuvuta nguzo au wavu mzima, lakini kwa waya mmoja mpini wake ni mwepesi mno. Unafika kilo 500 bila mkono kukuonya.

Na mtaimbo? Mafundi wengi huuzungushia waya, huuegemeza kwenye nguzo na kusukuma. Hesabu ya wenzo: ukisukuma kwa kilo 30 umbali wa sentimita 120 kutoka kwenye egemeo, na waya uko sentimita 10 kutoka hapo, waya unapata kilo 360. Seng'enge ya geji 16 haifiki huko. Mtaimbo tuuachie kuziba pengo la mita kumi kwenye uzio wa zamani, ukiwa na mkono mwepesi, na tujue kwamba pale ulipozungushwa waya hubaki na kona kali itakayokuwa ya kwanza kukatika.

“Kikazio ni kikazio, kinashika waya wowote”

Kikazio cha mnyororo ndicho cha kununua kwanza kwa mashamba mengi. Kina mnyororo wenye kibano mwishoni, na mpini wenye kibano cha pili pamoja na kulabu mbili zinazopokezana pingili za mnyororo. Uzuri wake ni kwamba kinafanya kazi katikati ya waya uliokatika na pia kwenye nguzo ya mwisho. Katikati: weka kibano kila upande wa pengo, vuta hadi ncha zipishane, unganisha, kisha achia pingili moja baada ya nyingine. Kwenye nguzo: zungusha mnyororo kwenye nguzo, bana waya, vuta. Acha mkia wa sentimita 60 uliopita nguzo ili upate wa kufungia. Kabla ya yote, ondoa ulegevu kwa mikono. Mnyororo wa mita moja haukutengenezwa kukusanya mita tano za waya zilizolala majanini.

Lakini angalia meno ya kibano. Kibano cha seng'enge kina nafasi ya kupitisha nyuzi mbili na kuuzuia mwiba usiteleze. Ukikibana kwenye waya mmoja laini kitateleza, au kitaung'ata. Kibano chenye meno makali kikibanwa kwenye waya mgumu huacha kovu, na waya mgumu hausamehi kovu: hukatikia hapohapo, pengine miezi baadaye. Kovu hilo pia huondoa zinki, na karibu na bahari, tuseme Kilifi au Tanga, kutu haichelewi. Kwa waya mgumu tafuta kibano cha mashavu laini kinachobana kadiri unavyovuta, na usikirudishe mahali palepale mara tatu.

Wavu wa mifugo hauvutwi kwa kibano cha waya mmoja hata kidogo. Ukiuvuta kwa waya wa juu tu, wa chini unabaki umejikunja na vifundo vya pembeni vinahama. Chukua mbao mbili za inchi 2 kwa 4, ndefu kuliko kimo cha wavu, uweke wavu katikati yake na ubane kwa bolti kila baada ya nyaya mbili. Fungia vikazio viwili kwenye kibanio hicho, kimoja theluthi ya juu na kimoja theluthi ya chini, uvivute kwa zamu. Wavu wenyewe una kipimo chake: zile nyaya za mlalo zina mawimbi madogo. Yakipungua kina kwa theluthi hadi nusu, acha. Yakinyooka kabisa, umeua springi yote iliyokuwamo.

Cheni linki ni jambo jingine tena. Inayobeba mvuto ni nyaya tatu za kupitishia (juu, katikati na chini), na hizo ndizo zinazokazwa kwanza kwa kikazio. Cheni linki yenyewe huvutwa kwa chuma kirefu kilichopitishwa kwenye matundu yake, hadi tundu likibanwa kwa vidole lisisogee zaidi ya nusu sentimita. Ukizidisha, matundu hulala na kimo cha uzio hupungua. Ndiyo maana unakuta uzio uliolipiwa wa futi sita una pengo chini linalopitisha mbwa.

“Racheti za kwenye waya ni anasa ya mashamba makubwa”

Inategemea waya. Racheti, yaani kikazio kidogo chenye ngoma ya kuzungushia waya, hubaki kwenye uzio milele, hivyo mwaka ujao unakaza upya kwa spana bila kufungua fundo. Kwa waya mgumu na kwa umeme ni fedha iliyotumika vizuri. Kwa seng'enge sishauri, kwa kuwa miba haizunguki vizuri kwenye ngoma yake. Anayetaka sana aunganishe kipande cha waya laini mwishoni, racheti ishike hicho.

Kabla ya kuagiza, piga hesabu. Ekari moja ya mraba ina upande wa mita 64 hivi, mzunguko wa mita 254. Nyaya nne, pande nne, kila upande ukikazwa peke yake: racheti 16. Kikazio kimoja cha mnyororo kingefanya kazi ile ile na kuhamia shamba la jirani.

Kosa linalorudiwa ni kuitumia racheti kukusanya ulegevu. Ngoma yenye upana wa sentimita 2.5 hadi 3 hula sentimita 8 hadi 10 kwa mzunguko mmoja. Ikipita mizunguko mitatu waya unapandana na kujibana, na kuulegeza baadaye ni shughuli. Kwenye waya mrefu iweke katikati, siyo nguzoni: mvuto unasafiri nusu ya njia kila upande na haupotei wote kwenye misumari.

“Bila geji ya mvuto unakisia tu”

Geji hiyo ya kupimia mvuto ni nzuri, lakini ubao na mizani ya ndoano vinatosha. Chukua ubao wa sentimita 110, pigilia misumari miwili iliyoachana sentimita 100 kamili. Katikati, chora alama milimita 12.5 chini ya mahali waya utakapolala. Shikilia ubao ili waya ukae juu ya misumari, mbali na nguzo, kisha tia ndoano ya mizani katikati ya waya na uvute chini mpaka waya ufike kwenye alama. Soma mizani, zidisha kwa 20. Kilo 5 ni mvuto wa kilo 100, kilo 6 ni 120. Mizani ya kupimia maharage sokoni inafaa kabisa.

“Waya umelegea, kwa hiyo kikazio ni kibovu”

Mara nyingi nguzo ndiyo imesogea. Nyaya tano za kilo 120 zinaivuta nguzo ya pembeni kwa kilo 600 mchana na usiku, na kadiri waya ulivyo juu ndivyo wenzo unavyokuwa mrefu. Ikiinama sentimita 4 tu, waya mgumu wa mita 100 uliokazwa kwa kilo 100 unabaki na kilo 60. Waya laini wa milimita 4 unabaki na sifuri. Hapa ndipo waya mwembamba mgumu unapomshinda mnene laini, jambo ambalo macho ya mnunuzi hayakubali kirahisi.

Basi fedha ya kifaa kikubwa ihamie kwenye nguzo ya kukazia: shimo la mita moja au zaidi, udongo ushindiliwe tabaka kwa tabaka, na mhimili wa mshazari kuelekea upande wa mvuto, mguu wake ukikanyaga jiwe au zege. Mti hai au mnyaa usiufanye nguzo ya kukazia. Mti hucheza kwa upepo, na baada ya miaka michache huumeza waya. Kaza pia kwa raundi mbili, nyaya zote kwanza kwa nusu, halafu zote kwa kipimo kamili. Ukimaliza mmoja mmoja, wa tano utaivuta nguzo na wa kwanza utalegea ukiutazama.

“Geji kubwa, waya mnene”

Kinyume chake. Geji 8 ni milimita 4, geji 12.5 ni kama 2.5, geji 16 ni 1.6. Pima kwa kalipa dukani, na roli mbili za kilo 25 usizihesabu kuwa na urefu mmoja: nyembamba inaweza kuwa na urefu wa mara mbili.

“Koleo lolote linafunga fundo”

Kwa waya laini, ndiyo. Waya mgumu ukikunjwa mbele na nyuma na plaizi ya kawaida huvunjika, na fundo lake, hata likifungwa vizuri, hupunguza nguvu ya waya kwa karibu theluthi. Ukikaza kwa kilo 150 theluthi hiyo haikusumbui. Ukikaza kwa 400 ndipo unapoijua. Mirija ya kubana, inayovalishwa ncha za waya badala ya fundo, ni bora, mradi ibanwe kwa koleo lake lenye tundu la saizi ile ile. Viunganishi vyenye kibano cha ndani kama Gripple pia huuzwa kwa saizi, na cha waya mnene kikitiwa waya mwembamba hakishiki.

“Msumari upigwe mpaka waya ubanwe”

Kwenye nguzo za kati, misumari ya U iache nafasi waya upite. Ukiubana, kikazio kitakaza kipande cha kwanza tu na vinavyofuata vitabaki vimelala. Msumari uwe mshazari kidogo ili miguu yake miwili isiingie kwenye mstari mmoja wa ubao na kuupasua.

Ukienda kununua kikazio kilichotumika, fungua vibano na utazame mashavu: yakiwa yamelika na kung'aa yatateleza. Nyoosha mnyororo, kagua pingili moja moja kama kuna iliyorefuka. Kisha kifunge kwenye mti, vuta, achia. Kulabu zote mbili zinapaswa kushika kila pingili bila kuruka. Inayoruka ukiwa dukani itaruka ukiwa na kilo 120 mkononi, kwa hiyo siku ya kazi vaa glavu za ngozi na miwani, simama upande wa pili wa nguzo, na usizungushe waya mkononi hata kwa sekunde moja.