Nywele za kupandikizwa zikidondoka, usikimbilie kurudia

Mtu karudi kutoka Istanbul, Uturuki, alikopandikizwa nywele, na bandeji kichwani. Wiki ya tatu anaamka, foronya imejaa vinywele vifupi. Anapiga hesabu ya pesa zake na kuamua: nimeliwa, nirudie haraka.

Si kweli. Kilichodondoka ni unywele. Mzizi umebaki chini ya ngozi, umepumzika. Kudondoka huko kati ya wiki ya 2 na ya 6 ni kawaida kabisa. Nywele mpya huanza kuchungulia mwezi wa 3 au wa 4, nyembamba kama za mtoto, na matokeo huhukumiwa baada ya miezi 12. Utosini huchelewa zaidi, hata miezi 18. (Kioo cha kila asubuhi hakisaidii, piga picha moja kwa mwezi, mwanga uleule.)

Mwaka ukipita na bado kuna mapengo, hapo kurudia kunazungumzika. Ila kisogo, zinakochukuliwa nywele, si kisima kisichokauka: mzizi uliong'olewa pale hauoti tena. Kwa nywele zetu za kipilipili kuna jambo jingine. Mzizi hupinda chini ya ngozi, na mkono usiozoea huukata. Kwa hiyo muulize daktari kisogoni imebaki akiba ya nywele kiasi gani, na kwa nini awamu ya kwanza haikushika. Kama upara wenyewe bado unasonga, atataka kwanza kuutuliza kwa dawa kama minoksidili. Akikutajia bei kabla hajakushika kisogo, aga uondoke.