Je, wajua kwa nini mwanafalsafa wa siasa Leo Strauss alisema vitabu vingi vya falsafa vya kale vimefumbwa?

Al-Farabi, mwanafalsafa wa Kiislamu wa karne ya 10, anasimulia habari za mcha Mungu aliyesifika mji mzima kwa unyoofu wake. Mtawala dhalimu alimtafuta, malango yote yakawekewa walinzi. Usiku ulipoingia akavaa nguo za kihuni, akashika ala ya muziki, akajifanya mlevi na kufika langoni akiimba. "Nani wewe?" mlinzi akauliza. "Mimi ni fulani, yule mcha Mungu." Mlinzi akadhani anataniwa, akamwacha apite. Ulimi ulisema kweli; kilichodanganya ni mavazi.

Leo Strauss aliichambua hadithi hii kwa sababu aliona ndani yake jinsi wanafalsafa wa kale walivyoandika. Alikuwa Myahudi, mzaliwa wa Kirchhain, Ujerumani, mwaka 1899. Aliondoka kwao 1932, akapitia Paris na Uingereza, akahamia Marekani na kufundisha New York, kisha Chuo Kikuu cha Chicago kuanzia 1949. Alifariki 1973.

Ufunguo aliupata kwa Maimonides, mwanazuoni wa Kiyahudi wa karne ya 12, aliyeandika kitabu chake kikuu cha falsafa kwa Kiarabu lakini kwa herufi za Kiebrania. Katika dibaji, Maimonides anataja sababu saba zinazofanya vitabu vijipinge vyenyewe, kisha anakiri kwamba chake kina mbili, ya tano na ya saba. Ya tano ni ya kila mwalimu: unaanza na maelezo mepesi, unayanyoosha baadaye mwanafunzi akikomaa. Ya saba ndiyo nzito: kuna mambo ambayo sehemu yake lazima ifichwe, na msomaji wa kawaida asigundue kabisa kwamba kauli zinagongana. Mwandishi akishakiri hivyo, huwezi tena kuziita kauli hizo usahaulifu.

Kuficha kulikuwa na sababu. Mwanafalsafa Spinoza alitengwa na Wayahudi wenzake wa Amsterdam mwaka 1656. Kitabu chake cha 1670 kuhusu dini na siasa kilitoka bila jina lake, kikiwa kimeandikwa kwamba kimechapwa Hamburg, wakati kilichapwa Amsterdam. Lakini kwa Strauss hofu ya adhabu ilikuwa nusu tu ya jibu. Nusu ya pili ni kwamba kila jamii husimama juu ya imani fulani, na mwanafalsafa mwenye busara hazitikisi hadharani.

Mbinu yenyewe aliieleza katika makala ya 1941. Mfikirie mwanahistoria katika nchi ya kidikteta, asiyekubaliana na msimamo wa serikali. Anaandika kitabu cha kuwapinga wapinzani wa serikali, na ili awapinge lazima kwanza aeleze hoja zao. Kurasa nyingi anaziandika kwa ubaridi, zimejaa nukuu na istilahi, mpaka mdhibiti wa serikali anayekagua maandishi anasinzia. Kisha, katikati ya hoja, zinakuja sentensi tatu nne kali, zinazomshtua kijana anayependa kufikiri. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua.

Hata hivyo Strauss aliweka masharti, na wengi wanaomwiga huyaruka. Anza na maneno yaliyoandikwa, uyasome kwa usahihi wote. Usifute wala kurekebisha kifungu kabla hujapima kila maana inayowezekana, kejeli ikiwemo. Usidhani maoni ya mhusika ni ya mwandishi. Na bingwa wa kuandika akikosea kosa la kumwaibisha mwanafunzi wa sekondari, shuku kwamba amekusudia.

Njia hii huharibika pale msomaji anapoanza kutegemea ukimya na hesabu. Strauss mwenyewe aliona maana katika sura 142 za kitabu cha Machiavelli, mwandishi wa siasa wa Italia, juu ya Livy, mwanahistoria wa Roma ya kale, kwa kuwa historia ya Livy ilikuwa na juzuu 142. Hilo angalau lina mantiki. Ila pia alisisitiza kwamba Al-Farabi, akieleza falsafa ya Plato, Mgiriki wa kale, hakutaja kutokufa kwa roho, na Strauss akalichukulia hilo kuwa dalili kwamba Al-Farabi hakuliamini. Wakosoaji waliuliza: muhtasari gani usioacha kitu?