Caravan ya Nduli na Caravan ya vitani

Julai, wakati Iringa iko kwenye baridi yake ile ya kuuma masikio, niliwapeleka wanafunzi wa sekondari kiwanja cha ndege cha Nduli wakaone ndege kwa karibu. Ndege ndogo moja aina ya Caravan ilikuwa imeegeshwa, imetoka Ruaha muda si mrefu, na injini yake bado inatoa joto. Kijana mmoja akachuchumaa, akalitazama lile sanduku refu lililobandikwa chini ya tumbo la ndege, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, bomu ndiyo hili?"

Wenzake wakacheka. Mimi nilimshukuru kwa kuuliza. Rubani akaja akafungua kimlango cha pembeni, tukaona mabegi ya watalii, katoni za dawa na gurudumu moja la akiba. Ni buti la ndege, kama buti la basi la Mbeya. Lakini swali la yule kijana lilinikaa kichwani, maana Caravan yenye makombora ya kweli ipo duniani, na ukiiona kwa mbali huwezi kuitofautisha na hii ya Nduli. Nimefundisha matengenezo ya ndege kwa miaka mingi, na naona ni haki ya wananchi wa Nyanda za Juu Kusini kulielewa jambo hili, kwa sababu wengi wetu ndege ndogo ndiyo pekee tunayoiona angani ikipita karibu.

Cessna 208 Caravan iliruka mara ya kwanza mwaka 1982. Ilibuniwa ibebe abiria wachache na mizigo, itue kwenye njia ya vumbi na iondoke bila kuhitaji uwanja mkubwa. Aina yake ndefu, Grand Caravan, inaruhusiwa kuruka ikiwa na uzito wa jumla usiozidi tani 4 hivi. Sifa hizohizo zilizowapendeza wamishonari na wasafirishaji wa watalii ziliwapendeza pia wanajeshi: injini moja isiyosumbua, bawa lililo juu ya chumba kiasi kwamba aliye ndani anaiona ardhi vizuri, vipuri vinavyopatikana, na uwezo wa kuzunguka mahali pamoja kwa saa nyingi. Ndivyo ilivyozaliwa AC-208, Caravan ya mapigano, ambayo Iraq na Lebanon zimeitumia.

Kuibadilisha kunaanza na macho. Chini ya tumbo hufungwa kitu cha duara, ukubwa wake kama mpira mkubwa wa mazoezi, chenye kamera ya mchana, kamera ya joto na leza. Ndani kuna mitambo inayolishikilia duara hilo lisitikisike hata ndege ikiyumba, ndiyo maana picha inatulia. Viti vya abiria vinatolewa, meza yenye skrini inawekwa, na mwendeshaji anakaa hapo akiwa amevaa vipokea sauti masikioni. Kisha vinakuja vishikio chini ya mabawa, nyaya za kurushia silaha, vibao vya kuzuia risasi kuwazunguka marubani, na vifaa vya kurusha miale ya moto ili kombora linalofuata joto lidanganyike.

Silaha yenyewe mara nyingi ni kombora la Hellfire, lenye uzito wa kilo 45 hadi 50, moja kila upande. Mwendeshaji anaweka doa la leza juu ya kitu anachokilenga, doa ambalo jicho la mtu halilioni, na kombora linafuata mwangaza unaorudi kutoka kwenye doa hilo. Linaweza kurushwa kutoka kilomita 8 hivi. Kwa umbali huo aliye chini huenda asisikie hata mngurumo wa injini.

Ndege ya aina hii inasifiwa kupita kiasi, na aliyewahi kupiga hesabu za uzito Nduli anajua kwa nini. Uwanja ule uko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa Novemba, joto likifika nyuzi 25, hewa yake inakuwa nyepesi kama ya mahali penye urefu wa mita 2,100 hivi. Bawa linashika hewa kidogo, propela inavuta hewa kidogo, na ndege inakimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kuinuka. Rubani wa abiria anajua dawa yake: anapunguza mizigo, au anaondoka asubuhi na mapema. Sasa chukua ndege hiyohiyo, uifunge makombora mawili, duara la kamera, meza, betri na vibao vya kuzuia risasi. Kila kilo uliyoongeza unailipa kwa mafuta utakayoyaacha chini, na mafuta ndiyo saa za kukaa angani, zile zile zilizokufanya uipende ndege hii. Halafu baada ya mzigo wote huo bado ni ndege ya propela moja, haina mbio za kumkimbia mtu.

Ndiyo maana inafaa tu mahali ambapo aliye chini hana silaha ya kufika juu. Machi 2016 Caravan ya jeshi la Iraq ilianguka karibu na Hawija ikiwa kazini, waliokuwamo wakafa, na wapiganaji waliokuwa chini wakadai wameitungua. Sisi wenyewe tuna kidonda chetu. Januari 2016, katika pori la akiba la Maswa, majangili waliipiga risasi helikopta ya doria iliyokuwa ikifuatilia tembo waliouawa, na rubani wake akafariki. Helikopta ile haikuwa na silaha. Ilitosha tu kuruka chini na kuona.

Watu wazima wa Kilolo wanaweza kushangaa nikisema kwamba historia ya ndege hizi inapita kijijini kwao. Kambi ya Mgagao iliwapokea wapigania uhuru wa Zimbabwe katika miaka ya 1970. Vijana waliofundishwa pale, waliporudi nyumbani, walikutana na ndege ambayo Warodesia, yaani utawala wa Wazungu walioishika Zimbabwe wakati huo, waliiita Lynx. Asili yake ilikuwa Cessna ya kiraia yenye injini mbili, moja mbele na nyingine nyuma ya chumba, iliyotengenezwa Ufaransa kwa leseni na kufika Rodesia mwaka 1976 licha ya vikwazo vya Umoja wa Mataifa. Juu ya paa lake zilifungwa bunduki mbili za rashasha, chini ya mabawa roketi na mabomu ya moto. Kwa karatasi ilikuwa ndege ya kiraia.

Miaka michache kabla ya hapo, Mei 1969, Biafra, jimbo lililokuwa limejitenga na Nigeria, ilitumia ndege za kujifunzia za Kiswidi, MFI-9, ndogo kiasi kwamba injini yake ilikuwa ya nguvu farasi 100, sawa na gari dogo. Kila moja ilifungwa roketi 12. Tarehe 22 Mei tano kati yake ziliruka chini chini juu ya miti hadi uwanja wa ndege wa Port Harcourt na kupiga ndege zilizoegeshwa. Mpango ule uliongozwa na Carl Gustaf von Rosen, Mswidi ambaye awali alikuwa akipeleka chakula cha msaada Biafra. Sijawahi kulisoma hilo bila kuhuzunika. Mkono uliopeleka chakula ndio uliorusha roketi, na kuanzia siku hiyo kila ndege ndogo iliyobeba maziwa ya watoto ilikuwa na sababu moja zaidi ya kushukiwa.

Hata ndege za kunyunyizia dawa zimeingia. Mkulima wa mpunga wa Mbarali anaijua ndege inayokuja kupambana na kwelea kwelea. Marekani mwaka 2022 ilichagua ndege ya shambani ya aina hiyo, Air Tractor AT-802, iwe ndege ya upelelezi na mashambulizi ya kikosi chake maalumu. Tangi la dawa linatoka, kamera na mabomu vinaingia.

Kinachonisumbua zaidi, kuliko makombora, ni ile kamera. Inaonyesha umbo, mwendo na joto. Jembe begani na bunduki begani, ukiwa kilomita 5 usiku, kwenye skrini ni mstari tu juu ya umbo jeupe la mtu. Na kosa la kutambua halihitaji usiku. Aprili 2001, mchana, ndege ya upelelezi iliyoendeshwa na Wamarekani juu ya Peru iliona Cessna ndogo ikipita juu ya msitu wa Amazon na kuishuku kuwa ya dawa za kulevya. Ndege ya jeshi la Peru ikaifyatulia risasi. Ndani mlikuwa na familia ya wamishonari. Mama na mtoto wake mchanga walikufa. Rubani, akiwa amejeruhiwa miguu, aliitua mtoni. Namba ya usajili ilikuwa imeandikwa kwenye ndege, na haikuhakikiwa kabla ya risasi ya kwanza.

Sheria ipo. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 unatenganisha ndege za kiraia na za dola, yaani za jeshi, forodha na polisi. Mwaka 1984, baada ya ndege ya abiria ya Korea kutunguliwa mwaka uliotangulia, kiliongezwa kifungu kinachozitaka nchi zijizuie kutumia silaha dhidi ya ndege ya kiraia iliyo angani. Sheria za vita nazo zinailinda ndege ya matibabu yenye alama inayotambulika. Lakini ulinzi huo unategemea alama isidanganye. Nchi au kampuni ikipaka rangi ya kiraia ndege ya vita, anayelipia ni mgonjwa aliyelazwa kwenye machela ndani ya Caravan nyingine.

Kwa hiyo wale wanafunzi niliwaonyesha mahali pa kutazama: ubavuni, karibu na mkia, ambapo ndege yoyote ya kiraia iliyosajiliwa Tanzania huandikwa 5H na herufi tatu baada yake. Kijana wa swali la bomu akatoa daftari, akaziandika, kisha akamfuata rubani amsomee, asije akawa amekosea. Rubani akamwambia asome tena, taratibu, herufi moja moja, kama wanavyozisoma wao redioni.