Suidas ni nani? Hakuna mtu kama huyo (dhana potofu kuhusu Suda)

Kwa Kiswahili hili swali hulikwepi, maana ukitaka tu kunukuu Suda, hii kamusi elezo ya Wagiriki wa Bizanti (Dola la Roma la Mashariki) ya karne ya 10, yenye vidahizo kama 30,000, lazima uchague: "Suidas anasema" ama "Suda inasema"? Hako kaherufi kamoja ka mwanzo wa kitenzi, a- ama i-, kanakuumbua hapohapo uko upande gani.

Dhana ya kwanza ndo mama wa zote: eti Suidas alikuwa msomi aliyekaa chini akaandika kamusi. Hapana bana. Nakala za mkono zenyewe zinaanza kwa kusema kitabu hiki ni Suda, na waliokitunga ni watu wenye hekima, halafu yanafuata majina ya hao watu na Suidas hayumo. Sasa katokea wapi? Karne ya 12 Eustathius, askofu mkuu wa Thessalonica, alipokinukuu aliandika jina kama la mtu, Suidas, na hakuna aliyeshtuka kwa sababu Suidas kweli lilikuwa jina la Kigiriki, kuna mwanahistoria wa kale kabisa aliyeandika habari za Thessaly, eneo la Ugiriki, aliitwa hivyohivyo na Strabo, mwanajiografia wa kale, anamtaja. Basi ikapita, karne na karne wasomi wakawa wanamsifia na kumkosoa mtu ambaye hajazaliwa. Ni kama usome jalada limeandikwa "Kamusi Elezo" halafu uanze kuulizia Mzee Elezo anaishi mtaa gani.

Ya pili, eti Suda ni Suidas iliyokosewa tahajia. Ni kinyume chake. Maelezo yanayokubaliwa na wengi, na msomi Mjerumani Franz Dölger aliandika chapisho zima juu ya hili jina mwaka 1936, ni kwamba suda kwa Kigiriki cha wakati ule ni ngome ama boma la miti iliyochongoka, asili yake neno la Kilatini sudis. Kwa hiyo kitabu kinaitwa Boma, na mimi naona limekaa vizuri sana kwa kitabu kilichofungia ndani vipande vya maandishi ambayo mengine yameshapotea kabisa. Wapo waliopinga, mfano msomi mwingine, Paul Maas, yeye alifikiria guida ya Kiitaliano, yaani kiongozi, lakini mimi bado niko na boma.

Halafu Souda na Suda, hivyo sio vitabu viwili jamani! Wagiriki sauti ya "u" wanaiandika kwa herufi mbili, wengine wakazinakili zote mbili. Sisi tuandike Suda tu, tukiweka Souda tutaisoma so-u-da, silabi tatu, tutakuwa tumezua jina la tatu bure.

Nyingine ni ya wale wanaosema angalia toleo bora la wasomi, jina la jalada ndo sahihi. Toleo bora ni la Ada Adler, Mdenmaki, lilitoka Leipzig 1928 hadi 1938, juzuu tano, na jalada linasema Suidae Lexicon, Kamusi ya Suidas! Hii ilishaniponza, nilienda maktaba moja nikatafuta "Suda" kwenye katalogi wee, hakuna kitu, kumbe vitabu vipo rafuni vimejipanga vizuri tu, vimeingizwa chini ya mwandishi Suidas.

Na ukishavipata usidhani herufi zimepangwa kama za kwenye alfabeti ya Kigiriki. Waliopanga walifuata sikio: "ai" ilishakuwa inatamkwa "e", kwa hiyo wakaiweka baada ya delta, herufi ya nne, jirani na "e". Neno kama aix, mbuzi, ukilisaka kwenye alfa unatoka mikono mitupu, wakati mbuzi mwenyewe kafungwa mbele kule.