News sio North, East, West, South

Ukikaa kijiwe cha kahawa pale Kirumba, taarifa ya habari ya saa mbili usiku ikianza tu redioni, hakosekani mtu wa kusema neno news ni kifupi cha North, East, West, South, yaani habari toka pande zote nne za dunia. Wengi wamefundishwa hivyo tangu shule, na kusema kweli inapendeza na inakaa kichwani haraka.

Ila neno halijatoka huko. Ni new tu, mpya, ikaongezwa s ikawa "mambo mapya", kama Wafaransa wanavyosema nouvelles. Waingereza wanalitumia kwa maana ya habari tangu karne ya 15 hivi, na kwenye maandishi ya zamani utalikuta newes, sasa hiyo e ya pili ni upande gani tena wa dunia? Halafu mtindo wa kuunda maneno kwa herufi za mwanzo umeshika kasi karne ya 20, mfano rada (radio detection and ranging), hiyo ni ya miaka ya 1940.

Kucheki sio kazi, hata ukiwa unasubiri kivuko cha Kamanga na bando lako dogo: fungua kamusi ya Kiingereza yenye asili ya maneno, shuka chini ya maana, angalia neno lilianza kuandikwa lini na liliandikwaje. Hata ile ya tip, yaani bahashishi, eti ni kifupi cha To Insure Promptness, ipitishe hapo hapo, utakuta watu walikuwa wanapeana tip tangu karne ya 18.